Kadi Niliyoichoma Rumonge

Siku yangu ya kwanza kazini niliingia nikiwa nimeshika viatu mkononi, kwa hofu ya kuchafua sakafu. Askari wa mlangoni alicheka. "Vaa tu," akasema, "humo ndani hakuna aliye hai wa kukuona." Maneno hayo yalinitisha kuliko kiboko alichokuwa nacho kiunoni.

Ninyi mnaofanya kazi katika makumbusho ya siku hizi mtaniwia radhi. Yetu ilikuwa chumba kimoja cha matofali mabichi, nyuma ya kituo cha Wajerumani hapa Rumonge, karibu na ziwa hata mawimbi yalisikika. Bwana wa Kituo, mtu mrefu mwenye sauti ndogo, alikusanya humo ngoma, mikuki, vibuyu na hirizi za watu. Mjini tulipaita Nyumba ya Vitu. Niliajiriwa kwa sababu mbili. Baba, mchuuzi wa samaki kutoka Ujiji, alinipeleka chuo cha Kurani nikajua kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Mama alikuwa Mrundi, na Kirundi nilikijua tangu mgongoni kwake.

Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Asubuhi nilipaka mawese kwenye mipini ya mikuki ili isipasuke, nikasugua vyuma kwa majivu, nikafukiza moshi ngozi za ngoma zisiliwe na wadudu. Halafu kadi. Kila kitu kilikuwa na kadi mbili. Ya kwanza aliiandika Bwana mwenyewe kwa Kijerumani. Ya pili niliiandika mimi kwa kalamu ya tete, yeye akinisomea maneno kwa Kiswahili. Kiswahili alikisema vizuri sana, ila herufi zangu hakuzijua. Kirundi pia hakukijua.

Mara mbili kwa mwaka nyumba ilifunguliwa kwa watu wote, wakati wa mvua za kwanza kabla ya kupanda, na baada ya kuvuna mtama. Ngoma ilipigwa, watu wa milima ya karibu wakateremka. Nyumba isiyoleta mtu ilifuatwa na askari. Aliyekuja alipewa chumvi, kiganja kimoja. Waliingia kwa makundi, mimi nikisimama mbele ya kila kitu na kuwaeleza kadi yake kwa Kirundi. Bwana aliamini wanakuja kufurahi. Sikuona hata mmoja aliyecheka. Akina mama waliwabana watoto mikono ili wasiguse chochote.

Katika ufunguzi wangu wa kwanza wa baada ya mavuno, mwanamke mmoja wa kilima cha Kizuka alisimama mbele ya mkuki uliozungushiwa waya wa shaba, akakataa kusonga mbele. Ulikuwa wa mumewe, Barutwanayo. Alikuwa hajui amefia wapi. Mimi nilijua, kwa kuwa askari aliyeuleta alinisimulia: mtu yule alikuwa akilinda mtama wake dhidi ya nguruwe, akaona bunduki, akakimbia, wakampiga risasi ya mgongo. Lakini Bwana alikuwa amenisomea, "Mkuki wa mwasi aliyeshindwa vitani," nami nikaandika hivyo.

"Mwanangu," mwanamke akaninong'oneza, "mwenyewe yuko wapi?"

Nikamwambia kweli, kwa Kirundi, midomo haifunguki. Kesho yake niliichana kadi ile nikaandika nyingine: jina lake, kilima chake, na namna alivyokufa. Tangu hapo, kila msimu mjane yule alikuja na watoto wake na jirani zake, nikawasomea. Walisikiliza wameinamisha vichwa, kisha wakapokea chumvi yao na kupanda mlima.

Halafu akaletwa Karani Mkuu, awe juu yangu. Alikuwa mtu wa Tabora, kanzu safi, miwani. Alikuwa amekaa Usumbura muda mrefu hata Kirundi alikisema kama mzaliwa. Alifika siku mbili kabla ya ufunguzi wa mavuno. Jioni ya kwanza alipita chumbani taratibu, akisoma kadi moja baada ya nyingine, ya Kijerumani kisha yangu. Mbele ya mkuki wa shaba alikaa sana. Kisha akaenda kwenye kadi iliyofuata. Nilitamani anitukane.

Nilitaka kubadilisha kadi, lakini ufunguo sasa ulikuwa mfukoni mwake. Sikula. Niliwahi kumwona mtu akipigwa viboko ishirini na tano kwa kuchelewesha barua. Ya kwangu ingekuwa nini?

Siku ikafika. Bwana alisimama mlangoni, Karani Mkuu ubavuni mwangu, akinisikia pumzi. Mjane na watu wake wakaingia, wakasimama mahali pao pa kila msimu. Nilifungua kinywa, nikasema kwa Kirundi, "Huu ni mkuki wa mwasi aliyeshindwa vitani."

Mjane aliinua uso.

"Siyo hayo," akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayemsaidia mtoto aliyesahau somo. "Msimu uliopita hukusema hayo. Sema jina lake."

Bwana akasogea. "Mwanamke huyu anasema nini?"

Aliyejibu ni Karani Mkuu. "Anashukuru kwa chumvi, Bwana. Anauliza kama mwaka huu itaongezwa."

Bwana alitabasamu, akaamuru aongezwe kiganja cha pili. Mjane akapewa. Aliitazama chumvi ile, akanitazama mimi, akatoka. Hakuitupa. Nyumbani walikuwa wakiihitaji.

Watu walipokwisha, Karani Mkuu alifunga mlango. "Usidhani nakupenda," akasema. "Nina watoto wanne. Ukipigwa wewe, nami napigwa kwa kukusimamia. Kadi ile sitaki kuiona tena."

Niliichoma palepale, mbele yake. Nikaandika ya mwasi.

Mjane hakurudi tena, alimtuma jirani. Vita vilipokuja, Wajerumani walifunga vitu masandukuni wakavipakia mashuani, na mkuki ule ukaenda na maneno yale. Nilifanya kazi kwa Wabelgiji waliochukua nchi baada yao, karani wa mahakama, hadi macho yaliponishinda. Niliandika maelfu ya maneno ya watu wengine, kwa mwandiko mzuri, na kila nilipoambiwa andika hivi, niliandika hivyo.

Nilipostaafu nilikwenda Kizuka. Mjane alikuwa amekwisha kufa. Nilimkuta binti yake, naye mvi zimemjaa, akikamua mawese. Nilimweleza mimi ni nani, nikaomba msamaha. Alinipa kigoda.

"Amahoro, muzee, kaa," akasema. "Mama hakukukasirikia. Siku ile tukirudi alituambia, musimulaumu mukarani, yule iko na watoto, angefanya nini?"

Nikamshukuru, murakoze. Nikanywa maji aliyonipa.

Sikumwambia kwamba wakati ule sikuwa na mtoto hata mmoja.