Mihuri Minne ya Kumpeleka Mwajuma

Kwa desturi yetu mama mzazi hampeleki bintiye kwa mume. Anabaki nyumbani analia na kukunja mashuka. Kazi ya kumpeleka ni ya shangazi. Mimi ni shangazi yake Mwajuma, lakini mama yake alipofariki, kaka yangu aliniletea mtoto wa miaka minne na mfuko mmoja wa nguo, kwa hiyo kukunja mashuka pia ilikuwa kazi yangu. Ndoa ilifungwa hapa Rumonge siku ya Alhamisi. Bwana harusi akatangulia kwao Kigoma, upande wa pili wa mpaka, kuandaa nyumba, nami nikaambiwa nimfikishe bibi harusi Jumamosi, nimkabidhi kwa mkono wangu. Sharti la mama mkwe lilikuwa moja tu: aingie mlangoni kabla jua halijazama, la sivyo alale kwa watu hadi asubuhi ya Jumapili. Na meli ya kunirudisha ilikuwa inaondoka asubuhi hiyo hiyo. Nikasema sawa, ziwa ni lile lile, kuna shida gani?

Shida ilikuwa starehe. Bwana harusi, kijana mwenye adabu, hakutaka mkewe avuke kwa boti la mbao, akalowa. Akatukatia nafasi kwenye meli ya starehe, ile yenye viti vya sponji, muziki na paa. Kwenye meli hiyo kila begi linafunguliwa forodhani unapopanda, linafunguliwa tena unaposhuka, na kurudi ni hivyo hivyo. Mihuri minne kwa safari moja. Haya, starehe.

Rumonge, saa kumi na mbili asubuhi, tulikuwa bandarini watu tisa: bibi harusi ndani ya buibui lake, na wanawake wanane wa kumsindikiza, mimi nikiwamo. Tulikuwa na masanduku yake, kidumu cha mawese, beseni la ndagala, yaani dagaa wa kwetu, zilizokauka, na begi kubwa lenye sare zetu nane za kitenge. Sare nilizishona mwenyewe, maana mimi ni fundi cherehani hapa sokoni. Tulikubaliana tuzivae tukishafika, zisichafuke njiani. Wazo lilikuwa langu, na nalijutia hadi leo.

Duwane, kama tunavyoiita forodha huku kwetu, ilikuwa meza moja, bwana mmoja na muhuri mmoja. Muhuri ulikuwa ndani ya droo, droo ilikuwa na kufuli, na ufunguo ulikuwa kijijini Gatete, mfukoni mwa mtu aliyekwenda msibani. Tukaungoja ufunguo. Mimi nilipiga kelele, nisiwafiche. Niliuliza kwa sauti kama ni muhuri tunaogonga au ni marehemu tunayemzika. Ufunguo ulifika saa mbili na nusu, na zamu yetu ilifika saa tatu.

"Amahoro, mama. Hizi ndagala zinatoka wapi?"

"Ziwani."

"Ziwa gani?"

Nikamwonyesha kwa kidole. Lilikuwa nyuma yake, hatua ishirini hivi. Akageuka, akalitazama vizuri, akarudi kuandika. Kisha akagonga muhuri kwenye listi ya majina yetu, akanipa.

"Hii listi mutarudi nayo, mama. Watu tisa wanatoka, watu tisa wataingia."

Nikamshukuru, murakoze. Nilikuwa naangalia ngazi ya meli, neno lenyewe sikulisikiliza.

Saa nne tukawa majini. Viti kweli vilikuwa vya sponji. Bi Zaina, jirani yangu, mwanamke mnene mwenye mdomo usiotulia, alikula mandazi yote ya safari kabla hatujaacha kuiona Rumonge. Mwajuma hakula kitu.

"Shangazi, tukichelewa watanikataa?"

"Wakukatae wana wazimu? Lala."

Nilisema hivyo kwa ukali, nikageuka kulitazama jua.

Kigoma tulifika saa tisa na nusu kwa saa zetu. Kwa saa zao ilikuwa kumi na nusu, maana wenzetu wako mbele kwa saa moja, jambo ambalo sote tisa tulilijua na hakuna aliyelikumbuka. Jua lilikuwa limeshaanza kuinama upande wa Kongo. Ndani ya forodha foleni ilizunguka ukuta mara mbili. Mwajuma aliketi juu ya sanduku lake, mimi sakafuni kando yake, na mwishowe akateremka akalaza kichwa mapajani mwangu kama alivyokuwa akifanya nikishona. Akasinzia.

Afisa alikuwa dada mmoja mwenye miwani. Alilipita sanduku, akayapita mawese, akalifungua begi langu.

"Nguo nane. Kitenge kimoja, mshono mmoja. Mama, hii ni biashara."

"Ni sare za harusi, mwanangu."

"Kila mfanyabiashara akifika hapa ana harusi."

"Tazama, saizi ni tofauti!"

"Hata dukani saizi ni tofauti."

Jamani! Niliyomjibu siyaandiki yote, kwa sababu watoto wa jirani nao watasoma. Akaweka begi pembeni limngoje bosi wake, na bosi wake alikuwa amekwenda kuswali. Nje ya uzio nilimwona bwana harusi na gari alilokodi, anatazama jua, anatazama saa, anatazama jua.

Tulikaa. Na hapa niseme ukweli wangu. Kichwa cha Mwajuma kilikuwa bado kizito mapajani, hina ya mikono yake inanukia, na nikajikuta naomba bosi arefushe dua. Kisha nikaona aibu, maana mtoto ana kwake, na jua lilikuwa linakwisha.

Aliyetuokoa ni Bi Zaina. Alisogea mezani, akauliza kwa upole ambao si wake: "Dada, nguo ikiwa mwilini mwa mtu, nayo ni biashara?"

Yule dada akafikiri. "Ikiwa mwilini ni nguo."

Tukavaa nyuma ya mifuko ya saruji, wanane, mbio mbio, huku wenzetu wa foleni wakigeuza nyuso kwa heshima. Tukajipanga mstari. Afisa akapita akihesabu, akasimama kwa Bi Zaina, ambaye mgongo wake ulikuwa wazi.

"Hii ni yako kweli?"

"Yangu."

"Mbona haifungi?"

"Nilipimwa Ramadhani. Ikaja Idi."

Miwani ikatikisika. Alicheka, akachomoa pini kwenye mtandio wake mwenyewe, akanisaidia kumfunga. Kisha akagonga muhuri wa pili.

Kwao bwana harusi, Ujiji, tuliingia mlangoni jua likiwa limebaki kipande. Mama mkwe alikuwa amesimama kizingitini tangu alasiri. Nikautia mkono wa Mwajuma ndani ya mkono wake, nikasema maneno niliyofundishwa, sauti ikanitoka vizuri. Vigelegele vikapigwa. Pilau lilikuwa na chumvi nyingi.

Jumapili asubuhi tulirudi bandarini tumezivaa sare tangu kitandani. Mwajuma hakuja kutuaga, maana bibi harusi wa fungate hatoki ndani. Yule dada wa miwani alitutambua, akagonga muhuri wa tatu bila kufungua hata kikapu. Dakika kumi tu, na sikuzifurahia.

Rumonge, alasiri, meza ile ile, bwana yule yule. Alichukua listi yangu, akatuhesabu kwa kalamu, akatuhesabu tena.

"Mama, hapa iko watu munane. Tisa ndio walitoka. Mutu mumoja iko wapi?"

"Amebaki."

"Kwa sababu gani? Lazima niandike. Ni ugonjwa, masomo, ao biashara?"

"Ameolewa."

Akaitafuta sababu hiyo kwenye karatasi yake, hakuiona. "Sawa. Na atarudi lini?"

Kwa siku mbili nilikuwa nimewajibu maafisa wote. Sasa yakaja machozi, mengi, mbele ya watu wote. Bi Zaina akanishika kiuno. Nyuma yangu foleni ilikuwa imesimama hadi kwenye ngazi ya meli, nami nikangoja mtu apige kelele kama nilivyopiga mimi. Wao wakangoja tu.

Yule bwana akaweka kalamu chini, akainuka, akasukuma kiti chake upande wangu.

"Kaa kwanza, mama. Hakuna haraka."

Kwenye sababu aliandika "ndoa", pembeni, nje ya mstari. Kwenye tarehe ya kurudi hakuandika kitu. Muhuri wa nne aliugonga nilipomaliza kulia, si kabla.

Mkipanda meli ya starehe, vaeni sare zenu tangu nyumbani. Hilo ndilo nililojifunza la kuwafaa. Na wale mliokuwa bandarini Jumapili ile mkachomwa na jua, mkiuliza ni nani aliyeisimamisha foleni: ni mimi.