Buti Zilizonizidi Namba Mbili

Nilijiangusha. Naomba nianze hapo, maana kwa karibu miaka thelathini nimekuwa nikisema nilianguka, na hadithi hiyo nimeisimulia kwenye sherehe nyingi kiasi kwamba najua mahali pa kunyamaza ili watu wapate nafasi ya kucheka. Mama alininunulia buti za skii zilizonizidi namba mbili, nasema. Nikavaa soksi tatu tatu, nikateremka mlima, mguu ukaenda kulia, buti ikaenda kushoto. Watu hucheka. Nami hucheka nao, mwanamke mzima mwenye shahada mbili na miwani ya kusomea.

Oktoba iliyopita shule ya binti yangu iliuza vifaa vya skii vilivyotumika. Nilisukuma mlango wa ukumbi wa michezo nikakutana na harufu ya nta, plastiki baridi na soksi za watoto wa watu. Mzazi mmoja akaniuliza kama nimewahi kuteleza kwenye theluji. Nikafungua mdomo nimsimulie ile ya buti, ikanikwama. Mama tulikuwa tumemzika miezi minne tu kabla. Nikasema hapana, nikaenda kukaa garini.

Miaka ya tisini tulikaa Etobicoke, pembezoni mwa jiji kubwa la ughaibuni, ghorofa ya kumi na moja, mimi na mama tu. Alifanya kazi zamu ya usiku Malton, kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, na mchana alilala. Kilima cha skii kilikuwa cha manispaa, kifupi, safari ya mabasi mawili. Shule ilitupeleka mara chache, na kocha wa pale, mwanamke mrefu mwenye pua iliyobabuka kwa baridi, akagundua kwamba siogopi mwendo. Akanipa karatasi ya vifaa vya kujiunga na timu ya watoto ya mbio.

Vipya vilikuwa vya watu wengine. Tulikwenda kwenye ukumbi kama ule wa Oktoba, mama akiwa hajalala tangu zamu.

"Mbao za kutelezea zinatakiwa zimfike kidevuni," muuzaji alimwambia.

"Kidevu cha mwaka huu au cha mwaka kesho?"

Akachagua zilizonipita kichwa kwa kiganja kizima. Buti nazo, namba mbili mbele, kama viatu vyote vya shule nilivyowahi kuvaa. "Utakua," alisema, kwa sauti ya mtu anayetoa amri.

Ile karatasi ya kocha aliisoma kama orodha ya shule ya bweni, kwa sababu hakujua namna nyingine ya kumwandaa mtoto anayekwenda kushindana na wenzake. Alitoa sanduku la bati alilokuja nalo kutoka Tanga. Alishona jina langu kwenye glavu, kofia na kila soksi, kisha akaongeza vitu ambavyo kocha hakuvitaja: mafuta ya mgando, kipande cha sabuni, malapa. Jirani yetu, mama wa Kirundi aliyekuwa akibadilishana naye zamu ili Jumapili awe huru, alisimama mlangoni akilitazama sanduku.

"Mama we, huyu mtoto unamupeleka mashindano ao unamuoza?"

"Vyote viwili, shoga yangu, wakikubali kumchukua na malapa yake."

Kila Jumamosi mchana mama alilaza mbao zangu juu ya viti viwili vya jikoni, akayeyusha vipande vya mishumaa kwa pasi yetu ya nguo, akaisambaza nta polepole mpaka mwisho, kisha akaikwangua kwa rula yangu ya shule. Nyumba ilinuka kama mtaa uliokatikiwa umeme. Blauzi zangu zote za msimu ule zilikuwa na mabaka. Nilinuna, lakini mbao zile zilikimbia.

Mbio za mwisho ndizo zilizochagua watoto wanne wa timu ya jiji, na timu ya jiji iliwaazima watoto wake kila kitu, buti zinazowatosha zikiwemo. Mama hakuzungumza jambo jingine kwa wiki nzima. Asubuhi ile alisimama chini kabisa, kwenye mstari wa kumalizia, kanga juu ya koti la kazini, chupa ya chai kwapani, akipiga vigelegele kwa kila mtoto aliyeteremka, hata aliyeshindwa. Juu kwenye foleni, msichana mmoja kutoka Markham aliniuliza, "Yule mama ni nani?"

"Jirani yetu," nikasema.

Nikaitwa. Nilikuwa na kasi kuliko siku zote. Na kadiri nilivyoshuka ndivyo nilivyomwona akikua, mikono imefunguka tayari kunipokea. Nikivuka mstari atanikumbatia, ataniita mwanangu, na yule msichana atasikia. Zilikuwa zimebaki bendera tano za kuzunguka. Nikachagua mahali penye theluji laini, nikajilaza.

Alipanda kilima kwa viatu vya kazini, akiteleza, akiinuka. "Ni viatu," alisema akinifungua buti. "Ni mimi. Ni ubahili wangu." Ndani ya basi alinikanda mguu usiokuwa na kitu, safari nzima, na mimi nikamwachia.

Kilima kile siku hizi hakina hata kamba ya kuwavuta watu juu. Sanduku alipewa mtu, pasi ilikufa. Mama wa Kirundi alihamia magharibi ya mbali, na salamu zikakatika.

Alhamisi baada ya mbio zile, mama akiwa amelala, simu ililia jikoni. Niliikimbilia isimwamshe.

"Ni mimi, kocha," ikasema sauti. "Nimefikiria uliyoniomba."

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu, na kwenye simu watu walinidhania mama. Siku zote niliwasahihisha haraka. Siku ile nilinyamaza.

"Umenipigia mara tatu, na mara zote unajilaumu. Basi, usilie tena. Wenzangu wamekubali. Jumapili saa tatu tutampima peke yake, na nimempatia buti za kuazima. Namba yake kabisa."

Niliiona Jumapili hiyo, na Jumapili zote za baada yake, kwenye kila kilima, na ile kanga. Nikajibu kwa Kiingereza cha mama, kile chenye lafudhi ya Tanga nilichokuwa nikikiigiza shuleni ili wenzangu wacheke.

"Asante sana, kocha. Lakini mtoto mwenyewe hataki. Nafasi mpe mwingine."

Akauliza, "Una hakika?"

"Nina hakika."

Nikarudisha simu mahali pake.

"Nani huyo?" mama aliita kutoka chumbani, sauti imejaa usingizi. "Kocha?"

"Hapana, mama. Mtu kakosea."

"Haya," akasema. Kisha nikamsikia akiinuka kitandani, akaufungua mlango wa chumba chake mpaka mwisho, akaweka kiatu usijifunge, ili simu ikilia tena aisikie mwenyewe.