Mtoto wa Ngeleka

Ndaya, binti wa jirani yangu Mulumba hapa Kapata, alitaka udaktari tangu mdogo wake alipofia mgongoni mwa mama yao, wakiwa njiani kwenda zahanati. Alipomaliza shule mwaka 1975, chuo cha udaktari kilitaka barua mbili: moja ya mkuu wa shule, nyingine ya mtu anayemfahamu vizuri. Ya kwanza aliipata bila shida.

Ya pili, Tshilombo alikuwa tayari kuiandika. Huyu ndiye muuguzi wa zahanati yetu, na kila likizo Ndaya alimsaidia kufunga vidonda na kushika mikono ya wanawake wenye uchungu. Mtu anayemfahamu vizuri kuliko huyo ni nani? Lakini sikio la kufa halisikii dawa.

“Barua ya infirmier nani atasoma?” Mulumba alisema. “Tutaenda kwa tata Ngeleka. Iko mukubwa wa chama, tena mutu wa kwetu Kasai.”

“Tata, ule hajui hata jina yangu.”

“Atakujua.”

Akabeba jogoo. Ngeleka aliuliza jina la binti, kisha akaandika: “Huyu ni mtoto wangu, nimemlea mwenyewe.” Kwetu Wakasai, mtoto wa mtu wa nyumbani ni wako, na kusema hivyo ni kumpa baba yake heshima. Mulumba alirudi kama bwana harusi. Kabla ya kuituma Kinshasa, aliisoma barua ile nyumba kwa nyumba, na watu wakampigia makofi.

Mvua zilikuwa hazijaanza redio ilipotangaza kwamba Ngeleka amefukuzwa, ni msaliti. Askari walimchukua mchana, mbele ya wake zake. Halafu jibu la chuo likafika ofisi ya elimu mjini: hakuna nafasi kwa ukoo wa msaliti.

Mulumba alikimbia hadi kwa karani aliyepokea jibu. Mtu mzima yule, alipiga magoti sakafuni.

“Mi njo baba yake! Mi na mama yake tulimuzaa!”

Karani akamwonyesha nakala ya barua. “Hapa banaandika mutoto ya Ngeleka. Tata, ulisoma mbele ya kutuma?”

“Nilisoma.”

“Ulikatala?”

Mulumba aliinuka, akatoka. Alirudi Kapata kwa miguu, na wale waliompigia makofi walikuwa wamefunga milango. Nilimhurumia, na nilimkasirikia pia. Ndaya alikuwa uani, akifua aproni ya zahanati.

“Tata, kama bangeona akili yangu ni kidogo, ningelia, ningenyamaza,” alisema, bila kuinua macho. “Lakini mi habakunikatala. Mi habakuniona. Balikatala mutoto ya Ngeleka.”

Mulumba akaketi chini kando ya beseni, akaita jina la binti yake, akaliita tena. Ndaya aliendelea kufua.