Karatasi Juu ya Kaburi la Baba

Niliondoka Lubumbashi kwa sababu ya picha moja kwenye simu. Mdogo wangu Didier, anayeishi Brussels, alinitumia kaburi la baba yetu likiwa na karatasi: kaburi limeachwa, jamaa wasipokuja kabla ya mwisho wa Mei litaondolewa. Baba alifia kule nikiwa na miaka kumi na minne. Mama naye akafa, nikaacha shule, nikalea wadogo wanne kwa kuuza maandazi. Sikuwahi kuliona kaburi lile hata mara moja. Didier angeweza kwenda kusaini, lakini kwetu kitinda mimba hasaini mambo ya kaburi la baba wakati mkubwa yuko hai. Isitoshe, ni mvivu.

Brussels, asubuhi. Didier alinipokea amenenepa, akanipeleka kwake Anderlecht, ghorofa ya saba. Lifti ilikuwa mbovu. Nilipanda ngazi nikimtukana kila ghorofa tusi tofauti.

Kesho yake tulipanda mabasi mawili hadi ng'ambo ya Ganshoren. Makaburi yenyewe yalikuwa ya kijiji cha wakulima ambacho mji ulishakimeza. Mawe yana kuvu, jina moja la ukoo linarudiwa mpaka unachoka kusoma. Kwenye kona, karibu na ukuta, walilala Wakatanga saba, baba akiwa mmoja wao. Didier alinieleza habari zao: ndio waliotangulia kuja Ubelgiji. Waliishi nyumba moja kule Saint-Josse, wakisonga bukari, yaani ugali, ya unga wa ngano kwa sababu wa mahindi haukupatikana. Wa kwanza alipokufa, wenzake walimtafutia nafasi huku kijijini. Halafu wakafuatana kama watu waliopanga foleni.

Majani yalifika magotini. Kila kaburi la kona ile lilikuwa na karatasi yake.

"Baba, ni mimi," nikasema. "Wote wamesoma, isipokuwa mimi."

Nililia kidogo, kisha nikatoa jembe nililolibeba ndani ya sanduku. Kwetu kaburi linalotunzwa ni udongo mtupu uliofagiliwa. Nikalima la baba, nikalima na ya wenzake sita, maana huwezi kumfagilia mtu ukawaacha majirani zake kwenye pori.

"Yaya, huku habafanyake vile," Didier alinong'ona; kwetu yaya ni ndugu mkubwa.

"Ndiyo maana wanang'oana."

Saa sita hivi mlinzi wa makaburi akaja na toroli lake, mzee mwenye mashavu mekundu. Alipiga kelele kwa Kifaransa.

"Anasema ile haikukuwa majani," Didier akatafsiri. "Ni maua. Alipanda yeye, juu ya nyuki bapate kula."

"Mwambie baba hakufuga nyuki."

Mlinzi alizunguka kaburi, akavua kofia. Kaburi hili, akasema, haliwezi tena kuitwa limeachwa, limenyolewa. Akabandua karatasi, nikasaini. Nikamwonyesha na yale sita. Akatikisa kichwa: wanaosaini ni jamaa tu.

"Mwambie hawa pia ni baba zangu."

"Yaya!"

"Aliyekula sahani moja na baba yako ni nani wako?"

Didier alitafsiri akitazama viatu vyake. Mlinzi akauliza: baba saba, na mama mmoja?

"Mwambie mama alikuwa na bidii."

"Mi sitasema ile, Yaya."

Basi nikasema mwenyewe, kwa Kifaransa changu cha sokoni: "Maman, beaucoup courage!"

Mzee alicheka mpaka akakaa kwenye toroli. Akaenda ofisini, akarudi na fomu sita na masharti mawili: awepo mtu wa Brussels wa kuyatunza, na maua yake yapandwe upya. Niliandika jina la Didier mara saba, la saba kwenye karatasi ya baba.

"Bon, na kama niko na kazi?"

"Jumapili unafanya kazi gani, wewe mutoto? Piga magoti."

Akapiga, suruali nzuri na yote, akafukia mbegu za yule mzee kuzunguka mawe saba, huku mimi na mlinzi tukimwonyesha alipokosea, kila mmoja kwa lugha yake.

Lubumbashi, wiki iliyofuata. Wadogo zangu waliuliza nimejifunza nini Ulaya. Nikawaambia kwamba kule maiti asiyetembelewa hufukuzwa kama mpangaji, na kwamba baba na wenzake wameongezewa miaka ya kukaa Ubelgiji. Mimi ubalozi ulinipa viza ya siku kumi na tano.