Kuchagua Uchumi Kabla Jua Halijazama

Mniwie radhi, kisa hiki nitakisimulia vibaya. Kingenoga zaidi kama ningefunga mdomo siku ile.

Ilikuwa Ijumaa jioni, kwenye saiba moja, duka la intaneti, pale Ogembo. Binti alikuwa akijaza maombi ya chuo kikuu, babake amesimama nyuma yake. Siku ya mwisho ya kutuma ilikuwa kesho yake, lakini wao ni Wasabato. Jua likizama Ijumaa, kompyuta haiguswi.

"Andika uuguzi," baba akasema.

"Tata, mimi nataka uchumi."

"Uchumi ni kazi gani? Watoto wa kijiji kizima wanasomea uuguzi."

"Ndiyo maana! Unakumbuka kijiji kizima kilipopanda ndizi? Tulizipeleka soko la Nyakoe, tukarudi nazo."

Mzee akakuna kidevu, akachungulia jua mlangoni. "Haya mama. Uchumi uwe wa kwanza, uuguzi wa pili."

Binti alikuwa ameshanyoosha kidole abonyeze. Hapo mimi, ambaye hakuna aliyeniuliza, nikapiga makofi. "Vizuri sana, mzee! Hata mimi babangu aliniacha nisomee nilichopenda."

"Ukasomea nini?"

"Kuchekesha watu jukwaani!"

Mzee akanitazama kuanzia viatu hadi kichwani, kisha akarudi kwenye viatu.

"Mama, geuza. Uuguzi uwe wa kwanza."

Binti akageuza, akabonyeza, akanipita mlangoni bila kuniaga.

Basi uchumi wa nchi ukija kuyumba, msiilaumu serikali. Njooni kwangu.