Mapigo Arobaini na Matano

Moja, mbili, tatu, nne. Nilihesabu nikiwa usingizini, na pigo la nne liliponifikia nikaruka kitandani. Chuoni, saa ya ukumbini ikipiga mara nne ni saa kumi alasiri. Maana yake Jumatano ilikuwa imekwisha na sikuwa nimempigia simu msimamizi wangu. Nilitoka uani bila viatu. Mama alikuwa anaanika alizeti, na jua lilikuwa bado mashariki.

"Ni saa nne tu," alisema. "Hukusikia imepiga nne?"

Baba aliinunua saa ile ya ukutani Singida mjini, maduka yalipoanza kujaa tena bidhaa. Siku ya kwanza ilipopiga saba ilhali ni saa moja asubuhi, aliona kiwanda kimekosea, akaizungusha mishale hadi mlio ukalingana na kauli za watu. Tangu hapo majirani zetu wa Ilongero walipika kwa kufuata mlio huo.

Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya swali moja kuhusu sura ya tatu ya tasnifu yangu kunifunga mdomo mbele ya jopo zima. Barua ya msimamizi ilikuwa wazi: nimpigie Jumatano yoyote asubuhi, kabla ya mwezi kwisha, nimweleze kama naendelea, la sivyo jina langu litafutwa. Zilikuwa zimebaki Jumatano mbili.

Ningeweza kwenda mjini hata wakati huo. Badala yake niliketi mbele ya saa, nikichemka. Je, kosa lisilobadilika ni kosa? Niliandika hoja za pande zote mbili nyuma ya rasimu ya sura ya tatu. Kisha, baba akiwa kwenye mashine ya kukamua alizeti, nikaisogeza mishale mbele saa sita. Saa za namna ile hazirushi hesabu: ilipiga tano, sita, saba, hadi kumi, mfululizo, mapigo arobaini na matano.

"Wee msomi!" jirani alipaza sauti ng'ambo ya ua. "Siku imekwisha nami sijainjika hata sufuria?"

Mama alicheka hadi akaweka ungo chini.

Baba alirudi saa nane. Saa ikapiga mara mbili. Alisimama mlangoni akisubiri mapigo mengine.

"Nani kaigusa?"

"Mimi, baba. Ilikuwa na kosa."

"Imemchelewesha nani?"

Nilianza kumweleza habari za mishale na tarakimu. Alinisikiliza hadi mwisho, jambo lililoniudhi zaidi.

"Na simu ya mwalimu wako," aliuliza, "nayo ina kosa gani?"

Barua nilikuwa nimeificha chini ya kitambaa cha redio. Kumbe ndipo naye alipokuwa akiweka miwani yake. Alipanda kigoda akaizungusha mishale mwenyewe, tatu, nne, tano, hadi nane, bila kunitazama, huku yule jirani akipiga kelele kwamba leo tumepewa siku mbili. Niliona hasira, kwa kuwa wote walikuwa na furaha na hakuna aliyekuwa amekosea ila mimi.

Jumatano iliyofuata niliondoka kabla hawajaamka. Mjini nilipanga foleni kwenye simu ya kadi nje ya posta, na katika foleni hiyo nikatunga majibu matatu, kila moja na vifungu vyake.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba. Ni wewe? Nilidhani umeshaolewa huko."

"Hapana, Profesa."

"Sura ya tatu imefika wapi?"

Nyuma yangu mwanamume mmoja aligonga kioo cha kibanda kwa ufunguo. Majibu yangu matatu yaliniponyoka yote.

"Sijaandika hata mstari," nilisema. "Na jibu la swali lile bado silijui. Lakini naomba jina langu lisifutwe."