Nilivyoliliwa Nikiwa Chini ya Blanketi

Nilipokuwa mdogo, bado nachunga mbuzi wa baba pale Kagoma, alikuja mnunuzi wa kahawa na redio. Redio yenyewe kubwa kama kreti ya soda, kaifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, na alipofika kwetu akaiweka juu ya gunia watu waione (nadhani alitaka tuduwae, maana mtu aliyeduwaa haangalii mizani, lakini hilo ni jambo jingine). Shangazi yangu alikuwa anaanika kahawa. Mtangazaji akasema, "Hamjambo wasikilizaji," na shangazi akapiga magoti palepale kwenye jamvi, kama mwanamke wa Kihaya anavyomwamkia mkubwa, akaitikia, "Hatujambo waitu, na nyie huko?" Akangoja. Yule mtu akaendelea na habari zake za mvua. Shangazi alinuna mpaka jioni, akasema huyo mgeni hana adabu hata kidogo, unamwitikia vizuri naye anakupita na mambo yake.

Tulimcheka sana. Ila mimi nikabaki na neno moja kichwani, kwamba sauti ikitoka kwenye sanduku mtu huiamini kuliko kama mwenye sauti angesimama mbele yake. Nikakua na neno hilo, nikaoa nalo, nikazeeka nalo, na ndilo lililoniponza mwaka juzi nikaaibika mbele ya kijiji kizima na katekista wetu juu yake, hata leo nikipita kilabuni wapo watu wazima, wenye wajukuu, wanaojiangusha chini wakijifanya wamezimia.

Mimi ni Laurian. Shule niliishia darasa la tatu, la nne nililiona dirishani. Lakini kusimulia najua, harusini wananiita, kwenye ubatizo wananiita, hata palipo na msiba, siku ya kuondoa matanga, wananiambia, "Ta Laurian, tupe ile ya fisi na mkwe wake." Basi mjukuu wa kaka yangu, Koku, anayeishi Kibeta pale Bukoba mjini, alinisikia harusini akanishika mkono. "Babu, wewe unapotea bure huku. Nakuingiza kwenye kundi letu." Edita, binti yangu aliyeko Mwanza, alikuwa ameshaninunulia simu ya kupangusa. Nikaingizwa wasapu.

Kundi lilikuwa linaitwa Usizime Taa. Ndani yake vijana wa Bukoba, Muleba na kwingineko wanatunga pamoja hadithi ya kutisha: mmoja anaandika sehemu ya kwanza, mwingine anaipokea, mwingine anaipokea, kama watu wanavyopokezana jeneza. Kila sehemu ikitoka, watu wanaitolea maoni, na maoni yana utaratibu. Kwanza unasema kilichokushika, halafu unasema kilichokuangusha. Na anayekosolewa ananyamaza mpaka wote wamalize. (Huo utaratibu wa mwisho niliusikia vizuri kabisa, asije mtu akasema sikuambiwa.)

Hadithi ilihusu familia iliyouza kibanja chao, migomba, mibuni na makaburi ya wazee humohumo, wakamwachia mgeni. Kijana mmoja wa Miembeni, Deo, akaandika sehemu ya tano: wafu wanatoka makaburini mchana, watu wanakimbia. Nilipoisoma nikasikitika. Nikashika simu nikamtumia sauti, ndefu kidogo.

"Kijana wangu, kilichonishika ni kwamba umemaliza salama. Kilichoniangusha ni hao wafu wako. Sisi wazee wetu tumewazika kati ya migomba yetu, kila asubuhi tunawapita tukienda kukata ndizi. Sasa babu yako akitoka kaburini unamkimbiaje? Si utamshika shati umuulize mpaka wa shamba ulipita wapi?"

Kundi zima likacheka, vile visura vinavyotoa machozi vikajaa kwenye simu hadi nikadhani imeharibika. Deo alinyamaza kama utaratibu unavyotaka, baadaye akaandika tu, "Asante Babu, nimepokea." Utamu ukaniingia. Nikawa natoa maoni kwa kila mtu, aliyeomba na asiyeomba, hata Koku alipotangaza siku ya kikao nikamwambia tangazo lake limenishika lakini mwisho umeniangusha.

Ikaja zamu yangu, sehemu ya sita. Nikatunga kilio kinasikika kwenye nyumba tupu, majirani wanakuja mbio, hawamwoni anayelia. Nikaisema kwenye simu, Koku akaigeuza maandishi. Na kilabuni nilikuwa nimeshajitapa kwamba hadithi yangu inakwenda kusomwa hadi ng'ambo. Nikakaa nangoja sifa.

Koku akaanza. "Shikamoo Babu. Kilichonishika ni kilio kwenye nyumba tupu. Kilichoniangusha ni kwamba kabla hatujafika kwenye kilio umetupitisha kwa fisi, ukatupitisha kwenye bei ya kahawa, ukatupitisha kwenye jino lako."

Deo akafuata. "Kilio tunaambiwa kipo, Babu, hatukisikii. Halafu hadithi haina mwisho. Imekatika tu kama bando."

Kama bando! Mimi! Nikasahau utaratibu, nikamjibu Deo, nikamjibu Koku, nikamjibu na dada mmoja ambaye alikuwa bado hajasema kitu. Koku akanipigia. "Babu, nakuheshimu, lakini anayekosolewa ananyamaza. Jumamosi tunakutana Miembeni. Kama kilio hakijasikika, sehemu ya sita anaichukua Deo."

Nikamwambia, "Kitasikika."

Na hapo ndipo uamuzi mdogo ulipozaliwa. Niliona maneno yamenishinda, basi nitawapelekea kilio chenyewe kwenye simu, nani atabisha? Nikamwendea mke wangu Generosa, alikuwa anamenya ndizi.

"Mama Edita, nahitaji unililie."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Kilio cha hadithi."

Akaweka kisu chini. "Baba Edita, kilio hakichezewi. Ukikiita kinakuja."

"Kidogo tu."

"Kidogo ndiyo kiasi gani?"

"Kama umefiwa na jirani wa mbali."

"Jirani wa mbali simlilii, nampelekea ndizi."

Nilimbembeleza kutwa nzima, na kesho yake nikaanza tena, maana nilikuwa nimeshaamua na mimi nikiamua ni kama kisiki cha mwarobaini. Mwisho akachoka. Nikamkalisha sebuleni kwenye mkeka, mimi nikaingia chumbani, mlango nikauacha wazi kidogo, nikalala kitandani nikajifunika gubigubi blanketi jeupe la Edita (Koku alikuwa amenifundisha kwamba ukirekodi ndani ya blanketi kuku hawasikiki). Nikamwambia kwa sauti, "Ukianza usinyamaze mpaka nitoke mwenyewe. Hata iweje."

Akaanza. Nikatoa kichwa. "Hicho ni kilio cha mbuzi. Kilichonishika ni sauti, kilichoniangusha ni moyo."

"Moyo?" akasema. "Unataka moyo?"

Sijui alimkumbuka mama yake, sijui aliyakumbuka maisha yake yote na mimi, lakini safari hii kilitoka. "Mawe! Mawe wee!" akamwita mama kwa Kihaya chetu. "Nimebaki na nani mie!" Nywele zikanisimama chini ya blanketi. Nikasema moyoni, Deo, umekwisha.

Sasa ninyi mnajua kwetu kilio kilivyo. Kikisikika huulizi, jembe unaliacha limesimama ardhini unakwenda, wanawake mikono kichwani, wanaume na majani ya kutandika, na mwingine anapita kumwita katekista. Mimi niliyezaliwa Kagoma nikazeekea Kagoma, jambo hilo nililiandika kabisa kwenye sehemu yangu ya sita, lakini kwamba lingetokea kwangu halikunipitia. Nikasikia miguu. Nikasikia, "Nani? Generosa, nani?" Na mke wangu, ambaye kwa miaka yote hiyo hajawahi kunitii hata siku moja, siku hiyo akaamua kunitii. Hakunyamaza. Akalia na kuelekeza kidole chumbani.

Wakachungulia mlangoni wakaona kitu kirefu kimefunikwa jeupe. Hakuna aliyethubutu kufunua kabla katekista hajafika.

Mtaniuliza kwa nini sikutoka. Ukweli ni kwamba simu ilikuwa inarekodi na ilikuwa tamu mno. Kilio kilikuwa cha watu wengi sasa, kinapanda na kushuka, na katikati namsikia Ta Felisiani, jirani yangu, ambaye tumeoa mwaka mmoja, analia kama mtoto, "Laurian! Nitakaa na nani mimi kilabuni?" Nikasema dakika moja tu zaidi.

Halafu kilio kikapoa, watu wakakaa, wakaanza kunisema. Mtu wa watu, walisema. Hana kinyongo. Nikawa naitikia kimoyomoyo.

"Ila maneno!" Huyo alikuwa Ma Anastela, bibi wa ng'ambo ya bonde, mguu wake mbovu. "Mungu anisamehe, maneno alikuwa nayo."

"Shii, yupo hapo."

"Si yupo, hasikii. Ile ya fisi na mkwe wake nimeanza kuisikia kabla sijaolewa. Mwisho wake siujui."

Mtu akacheka puani. Na Felisiani, Felisiani huyohuyo, na kamasi bado zinamtoka, akasema, "Mwisho hata yeye alikuwa haujui, maskini."

Anayekosolewa ananyamaza mpaka wote wamalize. Naapa niliukumbuka utaratibu. Lakini damu ilikuwa imeshapanda, nikainuka na blanketi langu kichwani, simu mkononi inawaka, nikatoka mlangoni nikanguruma, "Mwisho ninaujua!"

Jamani. Sijawahi kuona wazee wakikimbia vile. Mlango ulikuwa mdogo, wengine wakapita dirishani. Felisiani alikwenda kinyumenyume akatumbukia kwenye shimo nilimovundikia ndizi za rubisi, pombe yetu. Katekista ndiyo kwanza anaingia uani, akarudi alikotoka, rozari yake tuliiokota kwenye migomba. Generosa akanyamaza sasa, maana nimetoka mwenyewe.

Alibaki Ma Anastela, kwa sababu ya mguu. Akaniangalia kuanzia juu mpaka chini, akaegemea fimbo. "Mzima?"

"Mzima."

"Haya, useme."

"Nini?"

"Huo mwisho."

Watu wakaanza kurudi mmoja mmoja, wanachungulia nyuma ya migomba. Nikajikohoza. Nikaanza, "Fisi alikwenda ukweni kutafuta mke..."

"Mwisho, Ta Laurian. Mwanzo tunao."

Nikafungua mdomo. Ndugu zangu, nilisimama pale nikitafuta, nikamtafuta fisi, nikamtafuta mkwe, na kila nilipogusa palikuwa katikati. Harusini huwa wananikatiza kwa vigelegele, kilabuni pombe inaisha, sijawahi hata siku moja kuachwa nifike. Nikafunga mdomo. Ma Anastela akatikisa kichwa kwa huruma, na ile huruma iliniuma kuliko kicheko kilichofuata.

Kilichofuata ni kicheko na faini. Anayeita kilio cha uongo anatengenezea kijiji rubisi, nikatengeneza, wakanywa huku wananilia, "Laurian, nitakaa na nani mimi!" Edita alikuwa ameshafika stendi Mwanza na kitenge cha msiba, akanisema kwenye simu mpaka chaji ikaisha. Na kule kundini mtu alikuwa ameshaandika kwamba nimefariki, nusu wakaniombea nipumzike kwa amani, nusu wakadhani ndiyo sehemu ya saba wakatoa maoni.

Mwingine angejificha. Mimi nilisema hapana, nimelipa, lazima nipate nilicholipia. Generosa akaniuliza, "Bado unakwenda?" Nikamwambia, "Nakwenda." Ile sauti sikuituma, ilikuwa ndefu, ingemaliza bando. Jumamosi asubuhi nikaichukua mwenyewe ndani ya simu hadi Bukoba.

Walikuwa kwenye chumba nyuma ya duka moja Miembeni, viti vya plastiki, Koku akanipigia magoti, Deo akanipa kiti chake. Nikaweka simu mezani, nikabonyeza. Kilio cha Generosa kikatoka. Dada mmoja akashika shingo yake. Mwingine akaenda kufungua pazia. Kilipoingia kile cha kijiji kizima mimi nikakaa nimenyooka kama bwana harusi, na kilipoanza kupoa nikaisimamisha, yale ya fisi yasisikike.

Deo akasema, "Babu, nimekubali. Sehemu ya sita ni yako. Hii tunaitoa mtandaoni kama ilivyo, dunia nzima isikie."

Kama ilivyo. Hicho ndicho nilichokwenda kukitafuta, nikakipata. Kisha Koku akasema watoe maoni kidogo, kawaida tu, wakairudisha nyuma. Wakaisikiliza tena. Wakafika kwa Felisiani. Laurian, nitakaa na nani mimi.

"Huyu mzee hapa," akasema kijana mmoja kwenye kona, "ameniangusha. Analia sana. Haaminiki."

"Kweli amezidisha," dada akasema. "Tumpunguze."

"Au tumkate kabisa, tubaki na mama."

Hawakuwa na ubaya. Walikuwa wanafanya kazi yao vizuri, kwa utaratibu, nami nimewahi kusema mabaya kuliko hayo kwa Deo. Felisiani akaendelea kulia pale mezani, katikati ya chupa za soda, wanamsikiliza kichwa kimeinama upande, wanampima. Mimi nilikuwa mzima ndani ya blanketi nikila utamu, na yeye alikuwa analia kweli.

Nikangoja wote wamalize. Safari hii sikumjibu mtu. Nikaichukua simu yangu ingali inalia, nikaizima, nikavaa kofia.

"Babu," Koku akasema, "wapi tena? Imepita! Hatujamaliza, bado mwisho."

Nikamwekea mkono kichwani kumbariki, maana ni mtoto wetu, nikatoka kupitia dukani. Deo akanifuata hadi barazani akaniita mara kadhaa. Mimi nikashika njia ya stendi, na kwenye kundi lile sijarudi.